Mrejesho: wageni wangu watano wa chakula cha jioni

Wapendwa, mwezi uliopita niliwaomba ushauri: kama ningeweza kualika watu watano mezani, walio hai au waliotangulia mbele ya haki, niwachague vipi? Wengi mliniambia niache kukusanya majina makubwa, niangalie nani ataongea na nani. Ahsanteni sana, orodha imebadilika kabisa.

Wafalme wawili nimewaondoa. Wamezoea kusikilizwa tu.

Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, amebaki, ila si kwa ajili ya safari zake. Aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Aliporudi, baada ya miaka 24 hivi, mama yake alikuwa ameshafariki kwa tauni. Nataka anisimulie hilo, kama yuko tayari. Pembeni yake atakaa Marie Curie, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911, na ambaye madaftari yake mpaka leo yana mionzi. Mkabala nao ni Wangari Maathai, aliyesimama kidete mwaka 1989 jengo refu lisijengwe Uhuru Park, Nairobi.

Kiti cha nne ni cha bibi yangu. Nilipoandika jina lake kwenye kadi mkono ulitetemeka. Alikuwa akimsikiliza mtu huku anaizungusha pete yake kidoleni, polepole, bila kumkatiza. Nadhani hao watatu wangemwambia mambo ambayo mimi wasingeniambia.

Cha tano nimempa dada yangu, ambaye tulinuniana muda mrefu. Huyu yuko hai. Nimempigia simu leo asubuhi, anakuja Jumamosi.