"Spare the rod and spoil the child": hivi kweli ni Biblia?

Mleta mada:
Wakuu, juzi kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja alisimama, akakohoa, akautoa msemo huo kwa Kiingereza: ukimnyima mtoto fimbo, umemharibu. Akamalizia, "Biblia hiyo, siyo mimi." Makofi. Hoja ya viboko ikapita.

Sasa maneno hayo, jinsi yalivyo, hayamo kwenye Biblia. Yamo kwenye Hudibras, utenzi wa dhihaka wa Mwingereza Samuel Butler, sehemu ya pili, 1664. Na msemaji wake si nabii. Ni mjane anayemchezea shere Hudibras, mhusika mkuu wa utenzi huo, aliyetiwa mkatale: ukitaka penzi langu, jichape viboko. "Mtoto" mwenyewe ni Mapenzi, yule Kupido wa washairi, mungu wa mapenzi wa Warumi! Mzaha wa mahaba ndio tunachapia watoto wa darasa la tatu?

Mithali 13:24 inasema: "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, bali yeye ampendaye humrudi mapema." Kuharibika hakutajwi.

Mchangiaji 1:
Mkuu, umechagua aya. Fungua Mithali 23:13: "Usimnyime mtoto wako mapigo, maana ukimpiga kwa fimbo hatakufa." Hapo napo utamsingizia Butler? Halafu karne ya 14 huko, mshairi Mwingereza William Langland alishaandika kwamba anayeacha fimbo huwaharibu wanawe, akiifasiri hiyohiyo Mithali 13. Butler aliukuta mtaani.

Mchangiaji 2:
Huku Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001. Wenye msemo wao, Waingereza, waliviondoa shule za serikali 1987. Nyinyi mmebaki mnawatunzia.

Mchangiaji 3:
Achaneni na Wazungu. Wahenga wetu walisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Sisi tumechapwa na tumekuwa watu.

Mleta mada:
Ndugu wa kwanza, kwa Langland umenishika, sikatai. Na mzee yule angesoma Mithali 23 ningenyamaza, maana hapo kuna la kubishania. Alichonukuu ni mjane wa Butler.

Wa tatu, isome methali yako polepole, kaka. Kulia kumo mara mbili, fimbo haimo hata mara moja. Wangu wa miaka sita alilia jana nilipozima katuni saa mbili usiku. Alilia mpaka kwikwi, sikumchelea, na sikumgusa. Methali imetimia au haikutimia?

Tena sisi Tanzania hata hicho kiboko kina masharti: visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kikaoni niliomba tuonyeshwe hicho kitabu. Mwenyekiti akatazama saa, akasema muda umetutupa mkono, tufunge kwa sala.