Bangili za nywele za watu: apewe meza ao akatazwe?

Mwana wa Ibanda: Wapendwa, kuna fundi kijana hapa Bukavu anasuka bangili na hereni kwa nywele za watu. Anazipata saluni, anazichemsha, anazifunga na waya wa shaba. Ameomba meza kwenye maonyesho ya mafundi, na waandalizi hawasikilizani. Apewe ao akatazwe? Mimi nasema apewe.

Mama Furaha: Akatazwe leo hii. Nywele ni mtu. Kwetu Walungu bibi alikuwa anafagia nywele zetu zote tukinyolewa, anatupa chooni, juu adui akizipata amekupata wewe. Sasa nivae mkononi nywele ya mtu nisiyemjua? Vijana, mutatuletea mambo.

Prof wa Panzi: Mama, kwa heshima yako, jambo hili ni la zamani. Albert, mume wa Malkia Victoria, alipokufa mwaka 1861, malkia alivaa kidani chenye nywele zake, na Waingereza wengi walikuwa na desturi hiyo. Karne ileile wanawake wa Våmhus, kijiji cha Uswidi, walizunguka Ulaya wakisuka mikufu na minyororo ya saa kwa nywele. Unafunga kila kishungi na kizito chake, unasuka juu ya meza ya duara yenye tundu katikati. Hata leo Marekani kuna Melanie Bilenker, anatumia nywele zake mwenyewe kama wino, anachora mambo ya nyumbani kwenye bruchi, yaani pambo la kubandika kwenye nguo. Kijana wetu hakuanzisha kitu.

Moto wa Kadutu: Prof, malkia alivaa nywele za MUMEWE. Huyo wa Marekani, nywele zake. Sisi tunauziwa nywele za kila aliyepita saluni. Halafu Mama Furaha, usinikasirikie, picha yako iko na peruki mpaka kiunoni. Ile nywele ya nani? Ya marehemu wa Uhindi!

Mama Furaha: Wee mtoto! Peruki yangu nimeinunua na pesa ya kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nikiamka saa tisa usiku kungojea mitumbwi. Umenichangia hata franka? Marehemu gani? Leta ushahidi ao unyamaze.

Yaya Saluni: Moto, sema unachokijua. Si za marehemu. Kule Uhindi, kwenye hekalu la Tirumala, waumini wanakuja wazima kabisa, wananyoa kichwa kama sadaka, na hekalu linapiga mnada nywele zile. Ndizo nyingi zinazoingia kwenye meshi, nywele za kuongezea kichwani, za bei kali. Zile za bei ya chini hata si nywele, ni nyuzi za plastiki.

Shemasi wa Bagira: Ngoja. Umesema hekalu? Basi ni sadaka ya sanamu! Ndiyo maana mwaka 2004 wanawake wa Kiyahudi kule Brooklyn walichoma peruki zao barabarani, rabi mkubwa alikuwa amezikataza kwa sababu hiyohiyo. Sisi tunaingia nazo kanisani.

Mama Furaha: Shemasi, mama yetu wa kwako anavaa nini Jumapili?

Shemasi wa Bagira: Mke wangu hayuko kwenye mjadala huu.

Mama Furaha: Na mimi sikuwa. Nimeingizwa.

Mwana wa Ibanda: Jamani, meza. Apewe ao hapana?

Prof wa Panzi: Wazee wetu wenyewe walivaa bangili za nywele za mkia wa tembo, hakuna aliyelia uchawi.

Moto wa Kadutu: Prof, jaribu kuvuka mpaka nayo uone. Biashara ya tembo ya kimataifa ilikatazwa 1989. Na nyingi wanazouziwa watalii siku hizi ni nailoni, ukiwasha kibiriti inayeyuka. Nywele ya kweli inanuka kama kwato.

Kijana wa Nyawera: Kama ni kutafuta kitu cha ajabu cha kuvaa, ashuke mtoni Ruzizi. Chupa za plastiki zinaziba mitambo ya bwawa la umeme, giza tunalijua wote. Asuke zile, nitanunua wa kwanza.

Moto wa Kadutu: Mimi bado niko saluni. Nikinyolewa ninalipa, nywele zangu zinabaki chini, kumbe kuna mtu anazichukua anafanya hereni? Yaya, mnauza franka ngapi kwa kilo?

Yaya Saluni: Sijauza nywele ya mtu. Fundi alikuja kwangu, nikamwambia mteja aulizwe akiwa bado kwenye kiti. Wawili walikubali, mmoja akadai fungu lake, wengi wanaomba mfuko waende nazo nyumbani. Na nywele zetu za kujikunja hazilali kwenye kile kisuko cha Ulaya, anazisokota kama dredi. Ni kazi ya kweli, nimeiona.

Mama Furaha: Huyo aliyedai fungu alipewa?

Yaya Saluni: Dola mbili.

Moto wa Kadutu: Sasa mnaona! Wateja wote walipwe. Kuanzia leo saluni zisichukue kitu bure.

Yaya Saluni: Wewe unanyoa na mashine kila Jumamosi, nywele kama vumbi la msumeno. Nani atazisuka?

Moto wa Kadutu: Haikuhusu. Ni zangu.