Kugeuza deli la pikiniki kuwa chombo cha kuloweka kimea

Shayiri_Minnesota:
Wakuu, habari zenu. Hapa Marekani napika bia nyumbani kwa shira ya kimea ya dukani, sasa nataka kuanza na nafaka yenyewe. Nina deli la duara la galoni 10 (lita 38), lile la maji ya kunywa viwanjani, lenye bomba la plastiki la kubonyeza. Nataka kuloweka kilo 5 za kimea, nipate bia lita 19. Niweke koki gani, chujio gani, na maji yawe na joto kiasi gani?

FundiKoki:
Deli hilo linafaa sana mkuu. Kilo 5 pamoja na lita 15 za maji hufikia kama lita 18.5, na umbo la duara huweka kimea kwa kina, hivyo kinajichuja chenyewe vizuri.

Fungua nati ya ndani, toa bomba la kubonyeza. Weka nipo (kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi) ya nusu inchi ya stenlesi na koki ya bolivalvu ya nusu inchi. Pima tundu kwanza, maana nipo hiyo ina kipenyo cha nje cha karibu milimita 21. Ndani ya deli, oringi (pete ya kuzuia mvujo) ya silikoni iguse ukuta wa plastiki, nyuma yake washa pana ya stenlesi, kisha nati. Nje weka washa nyingine halafu koki, na nyuzi zote uzizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Kizuizi cha maji lazima kiwe upande wa NDANI. Ukiziba nje tu, maji ya kimea yenye sukari yatapenya kati ya kuta mbili, yataloweka povu la kuhifadhi joto na kuchacha humo, na hapo huwezi kusafisha tena. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, usizidishe kwa sababu plastiki inabonyea na oringi inatoka mahali pake. Jaribu na maji baridi, halafu maji ya nyuzi joto 75 za Selsiasi kwa saa nzima. Mara nyingi mvujo hutokea kwenye moto tu, plastiki ikishalainika.

Chujio: nunua mpira wa maji wa sinki uliofumwa kwa nyaya za stenlesi, urefu wa sentimita 40 hivi. Kata ncha zote mbili, vuta mpira wa ndani utoke, ubaki wavu mtupu. Ncha moja ikunje mara tatu na uibane kwa koleo, nyingine ifunge kwenye nipo kwa klempu ya stenlesi. Angalia ni stenlesi kweli. Kuna nyavu za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha.

Kimea67:
Naongezea upande wa joto. Kwa lita 3 kila kilo, kimea kikiwa nyuzi 20 na unataka kutulia 67, maji yawe 73 hadi 74. Lakini deli lenyewe hunywa joto, kwa hiyo mimina kwanza lita chache za maji ya moto, funika dakika 10, mwaga, ndipo uanze. Mifuniko mingi ya madeli haya ina uwazi mtupu ndani. Tupia blanketi juu.

Mwaga kimea kidogo kidogo huku ukikoroga, madonge yakavu hayatoi sukari. Baada ya dakika 60 kinga kwenye koki lita 3 za mwanzo, zirudishe juu taratibu mpaka maji yatoke bila unga, kisha yaache yatoke yote. Utapata kama lita 10, kwa kuwa kila kilo hubaki na lita moja. Ongeza lita 16 za nyuzi 80, koroga, rudisha tena za mwanzo, yaache yatoke yote. Kimea kitafika 75 hivi. Kikivuka 77, maganda huanza kutoa ukakasi.

Shayiri_Minnesota:
Asanteni sana wakuu. Na maji yakigoma kutoka?

FundiKoki:
Karibu kila mara koki imefunguliwa kwa pupa, kimea kikajishindilia juu ya wavu, au kimesagwa kuwa unga. Kinu kiwe na mwanya wa milimita 1 hivi, maganda yabaki mazima. Fungua koki robo tu kwa dakika za mwanzo. Ikigoma, funga, koroga kimea chote mpaka chini, subiri dakika 10, anza upya. Ngano au oti zikiwa nyingi, changanya gramu 250 za maganda ya mpunga yaliyooshwa.

Kimea67:
Na usizibe tundu kwa silikoni ya bafuni, ile ina dawa ya kuua ukungu.