MJADALA: Vita vya vina na mashairi huru: magwiji wetu walihakikiana au walizibana midomo?

Mleta mada

Wadau, kuna ugomvi wa waandishi wetu ambao kila baada ya miaka kadhaa unafukuliwa upya. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya *Kichomi*, tungo nyingi humo hazina vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) wala mizani (hesabu ya silabi), na kwenye utangulizi akatetea lugha ya kawaida ya watu. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakaja na *Malenga wa Bara*, kisha 1979 *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, wakijenga hoja kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Upande wa pili walisimama wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani. Msahafu wao ulikuwa *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Sheikh Kaluta Amri Abedi (1954), anayesema shairi ni wimbo na lisiloimbika halina maana. Jumanne Mayoka aliupa ugomvi jina kabisa kwenye jalada la kitabu chake cha miaka ya 1980: *Mgogoro wa Ushairi*.

Nauliza mawili. Kumwambia mtunzi kwamba alichoandika si shairi, ni uhakiki au ni kumnyima nafasi ya kusema? Na leo mhariri wa ukurasa wa mashairi akitupa tungo kwa sababu tu haina vina, tumwiteje?

Mzee wa Urari

Ndugu mleta mada, swali la kwanza umelipinda. Fundi akisema kiti hiki kina miguu mitatu, hajakuzuia kukaa chini.

Tuwekane sawa kwanza, maana wengi wanabishana na sheria wasizozijua. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane. Ubeti mzima ni mizani 64. Kina cha kati na cha mwisho vinashikwa mishororo mitatu, wa nne ndio kituo, na ukirudiwa kila ubeti unaitwa kibwagizo. Utenzi ni mwepesi zaidi: mizani nane kwa mshororo, mitatu ya kwanza inafanana kina, wa nne unabeba kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikifika elfu.

Hesabu hii haikuwekwa kumkomoa mtu. Tungo iliimbwa na kukaririwa na watu wasio na kitabu mkononi. Mkariri akiruka neno, sikio linamshitaki papo hapo kwa sababu kipande kimebaki na mizani saba. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, zilikaa vichwani mwa watu miaka mingi kabla ya kuandikwa na kuchapwa. Niambie shairi huru gani la 1974 unalijua lote kwa moyo.

Kalamu Kavu

Mzee, heshima yako. Kukaririka ni sifa, lakini si sifa pekee, na bei yake huwa hamuitaji. Chukua mshororo huu, nautunga sasa hivi kwa mfano:

*Kalamu si fimbo yako, ya kumpigia mwenzio*

Ukwapi: ka-la-mu-si-fi-mbo-ya-ko, nane. Utao: ya-ku-m-pi-gi-a-mwe-nzi-o, tisa. Mtunzi wa ukurasa wa gazeti atafanya nini? Atanyofoa "m" aandike "ya kupigia mwenzio". Nane imetimia, sarufi imechechemea. Zidisha hilo kwa beti kumi. Pale kipande kinapopungua anajaza "kweli", "jama", "basi", "nasema", maneno yasiyobeba kitu. Kina kikimkataa anageuza mpangilio wa sentensi mpaka humjui mtenda na mtendwa. Halafu anaitwa malenga kwa sababu hesabu imetoka.

Kezilahabi alilikataa hilo. Soma "Kisu Mkononi" kwenye *Kichomi* uniambie ungepata nini kwa kuigawa nane kwa nane. Mzigo umebebwa na picha na mapigo ya usemi.

Mzee wa Urari

Umemshitaki mwanafunzi ukamhukumu mwalimu. Mtunzi aliyeiva hanyofoi "m", anabadili kitenzi:

*Kalamu si fimbo yako, ya kumchapa mwenzio*

Ya-ku-m-cha-pa-mwe-nzi-o. Nane, na sarufi imekaa. Tena "kumchapa" lina makali kuliko "kumpigia". Hapo kanuni haikumfunga mtu, ilimlazimisha atafute neno la pili, na la pili likawa bora.

Bint Kilindini

Kaka zangu, mnahesabu silabi na swali la uhuru wa kusema mmeliacha mlangoni.

Kule pwani, bahari za kale, yaani aina za tungo, ndizo zilizokuwa uwanja wa kusutana. Muyaka aliwarushia Lamu tungo wakati wa uhasama uliofikia vita vya Shela, na Lamu wakajibu, Bwana Zahidi Mngumi akiwa msemaji wao mkubwa. Kanuni ya kujibizana iliwabana wote sawa: unajibu kwa bahari ile ile uliyorushiwa, mara nyingi hata kwa vina vile vile. Faida yake ni kwamba huwezi kujibu kwa tusi tupu. Lazima kwanza uonyeshe umeisikia hoja, maana umeazima umbo lake.

Sasa njooni kwenye serikali. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa waraka wa *Kenya: Twendapi?* uliouliza utawala wa Kenyatta unaipeleka nchi wapi. Waraka ule ni nathari. Gerezani akaandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, na humo arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, imeshikwa barabara. Kitabu kikatoka 1973, na 1974 kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Someni "Mnazi: Vuta N'kuvute" humo ndani, ndugu wawili wanagombania mnazi ubeti kwa ubeti. Ni kujibizana kwa kale, na kila aliyetaka kuelewa siasa aliielewa.

Upande wa pili, Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982 baada ya tamthilia yake *Kilio cha Haki*, na diwani yake ya *Chembe cha Moyo* (1988) ina mashairi huru. Mmoja alishika vina, mwingine aliviachia, wote wawili walilala ndani. Dola haihesabu mizani. Kwa hiyo hoja ya wanausasa, watetezi wa mashairi huru, kwamba kuvunja vina ndiko kupata uhuru wa kusema, mimi siikubali hata kidogo. Na ile ya wanamapokeo kwamba asiyefuata kanuni hana la kusema, nayo siikubali.

Kalamu Kavu

Dada, kwenye serikali nakubaliana nawe. Ila kuna mlango mwingine uliouruka: nani alikuwa na funguo za ukurasa?

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, kilishika ngonjera (mashairi ya majibizano) za Mathias Mnyampala na kuzipeleka hadi shuleni kueneza Ujamaa. Ngonjera ina vina. Ukurasa wa mashairi magazetini ulikuwa wa vina. Mtu akisema "hili si shairi" akiwa barazani, ni maoni. Akisema hivyo naye ndiye anayechagua kitakachochapwa na kitakachosomwa darasani, neno lake linakuwa amri. Kezilahabi huyo huyo riwaya yake ya *Rosa Mistika* (1971) ilipigwa marufuku shuleni, baadaye ikawa kitabu cha kufundishia. Sababu haikuwa umbo, lakini mnaona jinsi mlango unavyofanya kazi.

Na kulikuwa na ubara na upwani, tusijifiche. Angalieni majina: *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir (1971), *Malenga wa Bara* (1976), *Malenga wa Mrima* (1977). Kila jalada linatangaza linakotoka. Kezilahabi ni wa Ukerewe. Kumwambia mtu wa Ukerewe kwamba sikio lake halina ushairi kwa kuwa halikulelewa Mvita (Mombasa), hapo uhakiki umekwisha, umebaki ukoo.

Bint Kilindini

Hilo la ukoo lina pande mbili. Wapo wa bara waliosema vina ni vya Waarabu, kana kwamba mtu wa Lamu ni mgeni kwenye lugha yake. Mlango huo nao haukuwa na adabu.

Chaki Nyeupe

Nawaletea habari za darasani, maana ndiko ugomvi unakoishi sasa.

Kenya mtahiniwa wa kidato cha nne anafundishwa "uhuru wa mtunzi" kama orodha: inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadili sauti ya neno bila kugusa mizani), kuboronga sarufi (kupindua mpangilio wa maneno), utohozi (kuswahilisha neno la kigeni). Yaani uhuru ni makosa yaliyopewa kibali. Kile ambacho Kalamu Kavu anakiita sarufi iliyochechemea, kwenye mtihani kina alama. Matokeo yake mwanafunzi anaorodhesha inkisari tano na haulizi kama hata moja ilikuwa na kazi.

Tanzania *Wasakatonge* ya Mohammed Seif Khatib imesomwa sana sekondari, na ina mashairi ya aina zote mbili chini ya jalada moja. Kitabu kimoja kama hicho kimefanya kazi kubwa kuliko makala kumi za kugombana.

Kwa shairi huru kuna jaribio rahisi. Lichukue, ondoa mikato yote ya mishororo, liandike kama aya. Kama halijapoteza kitu, ile mikato ilikuwa mapambo na mtunzi kaandika insha nyembamba. Kama limepoteza pumzi, au neno lililokuwa mwisho wa mshororo limepoteza uzito wake, basi mkato ulikuwa na kazi. Mengi ya vijana yanafeli hapa. Kosa la kawaida ni kukata kila baada ya maneno matatu bila kujali maana, la pili ni kutegemea nomino kubwa kubwa, "uhuru", "giza", "minyororo", pasipo kitu cha kushikika. Kwa shairi la arudhi jaribio ni kinyume: ondoa vina, uliza limebaki na nini. Na mengi ya magazetini yanafeli vilevile.

Mpita Njia

Mnachekesha. Vijana wa Bongo Fleva wanapanga vina usiku kucha na hakuna sheikh aliyewalazimisha. Wangewaita watu wa UKUTA kuwa majaji, mngepata mgogoro wa pili.

Mzee wa Urari

Mpita Njia kanena. Ila vina vya rapu vinaangukia kwenye pigo la ngoma, hesabu yake si ya silabi. Mada nyingine hiyo.

Nirudi kwa Chaki Nyeupe. Majaribio yako nayakubali yote mawili, na la pili linaniuma kwa sababu ni kweli. Jambo moja silikubali kwa Kalamu Kavu: mnamsema Amri Abedi kama askari wa mlangoni. Aliandika kanuni ili anayetaka kujifunza asipate kisingizio cha kusema ni siri za masharifu. Mtoto wa bara aliyekinunua kile kitabu aliweza kutunga bila kuzaliwa Lamu. Huo nao ni mlango uliofunguliwa.

Kalamu Kavu

Hapo umenipata, Mzee. Naondoa jina la Amri Abedi, nabakiza wale waliotumia kitabu chake kama rungu.

Mleta mada

Swali la pili bado halijajibiwa. Mhariri afanyeje?

Chaki Nyeupe

Atangaze. Kama ukurasa ni wa arudhi, aandike juu kabisa: tarbia na tathlitha (mishororo mitatu kwa ubeti) tu, mizani 8 kwa 8, beti zisizozidi kumi. Hilo ni sharti la ukurasa, halimhukumu mtu. Akirudisha tungo ataje mshororo na kasoro yake: "ubeti wa 3, mshororo wa 2, utao una mizani tisa." Asiandike "wewe si mshairi", na asiandike "haina ladha", kwa sababu mtunzi hawezi kurekebisha kwa maneno hayo. Jibu la aliyekosolewa lichapwe ukurasa ule ule, mara moja, kisha mhariri afunge. Wakiachiwa raundi ya tatu huwa hawazungumzii tungo tena.

Bint Kilindini

Na ajibu kwa bahari aliyokosolewa nayo. Akikosolewa kwa tarbia asijibu kwa insha.

Mzee wa Urari

Na akikosolewa kwa shairi huru?

Bint Kilindini

Ajibu kwa shairi huru, Mzee. Hata wewe.