Kitabu gani cha matengenezo kinafaa kwa pikipiki ya Boxer 150?

Swali, Mbale: Ndugu mafundi, nahitaji kitabu cha kuniongoza kufungua injini ya Bajaj Boxer 150. Nikichague vipi?

Jibu, Jinja: Kijitabu kinachokuja na pikipiki mpya hakitakutosha, kwa maana kimeandikiwa mwenye chombo anayebadilisha oili na kukaza mnyororo. Tafuta kile cha gereji, chenye vipimo vya kukaza boliti kwa Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), mwanya unaoachwa kwenye valvu na mchoro wa nyaya, kisha uhakikishe kwamba modeli na mwaka vinalingana na pikipiki yako, kwani cha Boxer 100 kitakupotosha.

Jibu, Kampala: Nakala za fotokopi ni nafuu, ila yangu ilififia hata rangi za nyaya hazitambulikani. Ifungue nakala uitazame kabla ya kulipa.

Swali, Mbale: Asanteni, wazee wangu.