Msaada: maua madogo ya njano ya milimani, jamii ya haradali. Spishi nazitofautishaje?

Mpandamilima
Habari zenu wakuu. Huku juu miti inakoishia nakutana na vimmea vyenye kimo cha kidole. Majani yamejibana chini kabisa, maua ni ya njano na hayafiki hata nusu sentimita. Petali ni nne, zimekaa kimsalaba, kwa hiyo familia ya haradali sina wasiwasi nayo. Nahisi ni jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Draba. Kasheshe ni spishi: kila picha nikiipeleka kwenye programu ya simu inanipa jina jipya, na mojawapo ni la mmea adimu. Nifanyeje? Ni lazima ning'oe?

Kinyweleo
Mkuu, ua achana nalo. Karibu familia nzima ndivyo ilivyo: petali nne, stameni (viungo vya kiume vya ua) sita, nne ndefu na mbili fupi. Na Draba ndiyo jenasi kubwa kuliko zote humo, ina spishi zaidi ya 300. Siri iko kwenye vinyweleo vya majani. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10, piga magoti, kagua jani juu, chini na kingoni. Vingine vimenyooka tu, vingine vina panda kama manati, vingine vina umbo la nyota. Draba oligosperma ya magharibi mwa Amerika Kaskazini vyake viko kama vitana vilivyolala juu ya jani. Draba aizoides ya Ulaya ina nywele ngumu kingoni tu, uso wa jani ni mtupu. Hizo mbili zote zina maua ya njano, picha ya kutoka juu haikusaidii kitu.

Bi Mkubwa wa Mbegu
Na matunda je? Rudi petali zikishapukutika. Yakiwa marefu membamba kama njiti, hiyo huenda ni jenasi nyingine. Yakiwa yamevimba kama puto, fikiria Physaria, jenasi nyingine ya familia hiyohiyo. Ya Draba huwa mafupi na bapa, mara nyingine yamejipinda. Pima kwa milimita ile ncha ndogo iliyobaki juu ya tunda, halafu angalia kama bua lina majani au ni tupu. Kung'oa hapana! Vimmea hivyo hukua taratibu mno. Na ukihisi ni adimu, usianike mahali penyewe hadharani.

Mzee wa Sp.
Andika "Draba sp.", yaani Draba ambayo spishi yake haijulikani, ukalale. Draba nivalis ya Aktiki ina mimea inayofanana kabisa kwa macho, lakini ukichavusha mmoja kwa chavua ya mwingine, mara nyingi watoto wao hutoka tasa. Lenzi gani itakuonyesha hilo?

Mpandamilima
Mzee umenivunja mbavu 😂 Nimekuza picha moja ya ubavuni, naona nyota kwenye jani.

Kinyweleo
Nyota zina kikonyo au zimelala juu ya jani? Hesabu pia mikono ya kila nyota. Tupia picha hapa.