Ushauri: Mdogo wetu yuko kwenye meli ya jodari, pasipoti kanyang'anywa. Tuanzie wapi tukiwa Moshi?

Kiboriloni_22
Habari zenu wakuu. Mdogo wetu, miaka 23, alitafutiwa kazi na wakala wa hapa Moshi. Aliahidiwa meli ya mizigo, akajikuta kwenye meli ya kuvua jodari. Pasipoti anayo nahodha, usingizi ni saa nne tu kwa siku, mshahara hajauona kwa sababu eti "deni" la tiketi na viza halijaisha. Anatuandikia na kututumia sauti kwa nadra kupitia simu ya mwenzake. Wakala anataka milioni tatu ndipo amrudishe, na anasema hatuna kesi kwa kuwa kijana alisaini mwenyewe. Polisi wa Moshi wana nguvu gani kwa meli iliyo Bahari ya Hindi?

Wakili_Njiro
Poleni sana. Hiyo milioni tatu msiitoe. Mkilipa, hakuna kinachomlazimisha amrudishe, na kesho deni litaongezeka.

Saini haimwokoi wakala. Kosa la usafirishaji haramu wa binadamu lina nguzo tatu: kitendo (kuajiri, kusafirisha, kupokea mtu), njia (udanganyifu, vitisho) na lengo la kumnyonya. Kuahidi meli ya mizigo na kumpeleka kwenye uvuvi ni udanganyifu, na udanganyifu ukithibitika, ridhaa yake haihesabiki. Ndivyo ulivyo msimamo wa Itifaki ya Palermo ya 2000 (makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya kosa hili), na sisi tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008.

Polisi wa Moshi hawawezi kupanda hiyo meli. Lakini kijana aliandikishwa Moshi na wakala yuko Moshi, hivyo huyo wanamfikia. Kituoni chungeni maneno: mkisema "tumetapeliwa hela," jalada litafunguliwa la utapeli, wakala atarudisha laki kadhaa, yataisha hapo na kijana bado yuko baharini. Semeni kuna mtu amesafirishwa kwa udanganyifu na anatumikishwa kwa nguvu. Chukueni RB (namba ya taarifa yenu kituoni), ombeni kumwona mkuu wa upelelezi wa mkoa, na nakala ya maelezo ipelekeni Sekretarieti ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Wizara ya Mambo ya Ndani.

Bahari_Kuu
Mpaka sasa hujataja meli, mkuu, na bila hiyo hakuna ofisi ya nje itakayokusaidia. Mwambie kijana atume jina lililoandikwa ubavuni na nyuma, bandari ya usajili, namba ya IMO (ya kudumu ya utambulisho wa meli, tarakimu 7) na MMSI (namba ya redio ya meli, tarakimu 9). Tatu za mwanzo za MMSI zinataja bendera, yaani nchi ilikosajiliwa meli: 412 ni China, 416 Taiwan, 674 na 677 Tanzania. Zipo meli za wageni zilizosajiliwa Zanzibar. Ikiwa ni mojawapo, serikali yetu ndiyo yenye mamlaka juu yake.

Bahari kuu, meli huwa chini ya nchi ya bendera peke yake (Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 92). Ibara ya 110 inaruhusu manowari ya nchi nyingine kupanda ikishuku biashara ya utumwa, lakini kazi ya kulazimishwa haikutajwa. Hilo ni pengo kubwa na linaumiza watu.

Kwa hiyo isubirini bandarini. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 188 wa 2007, kuhusu kazi za uvuvi, unairuhusu nchi ya bandari iliyouridhia kukagua meli ya uvuvi ya kigeni ikipata malalamiko. Mei 2018 Afrika Kusini iliizuia Cape Town meli ya Taiwan, Fuh Sheng 11, baada ya wafanyakazi kulalamika. Shirikisho la wafanyakazi wa usafirishaji, ITF, lina mkaguzi Mombasa. Shida ni kwamba meli nyingi za uvuvi hushushia samaki kwenye meli nyingine hukohuko baharini ili zisitie nanga, na huzima kifaa cha kuonyesha zilipo. Ikiwa imewashwa, ifuatilieni bure kwenye tovuti ya Global Fishing Watch.

Kiboriloni_22
Asanteni. Tumwambie wakala kwamba tunaenda polisi? Sauti za kijana tumeshazirusha grupu la ukoo.

Wakili_Njiro
Msimwambie! Atafuta meseji na kuwatonya wa melini, na simu ya mwenzake itachukuliwa. Acheni kurusha sauti. Simu iliyozipokea isiuzwe wala isifomatiwe, zimeni ujumbe unaojifuta, na ombeni kampuni ya simu taarifa ya miamala yote mliyomtumia wakala. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama huangalia ushahidi ulivyotunzwa.

Mama_Pasua
Kijana asitoroke bandarini kienyeji. Bila pasipoti atakamatwa kama mhamiaji haramu, na nahodha ataandika kwamba ametoroka kazi. Awasiliane kwanza na ubalozi wetu. Hutoa hati ya dharura ya kusafiria. Asisaini karatasi ya "nimelipwa yote" kwa lugha asiyoijua. Aandike kila siku saa alizopumzika: kiwango cha mkataba huo wa 188 ni saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Msaada wa kisheria mtaupata kwa shirika la KWIECO hapo Moshi, au ofisi ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) Arusha.

Kiboriloni_22
Ametuma picha. MMSI inaanza na 412.

Wakili_Njiro
Basi bendera ni China. Mkishapata RB, andikeni Wizara ya Mambo ya Nje ili ubalozi wetu Beijing uwasiliane na serikali ya huko. Ambatanisheni picha ya meli, nakala ya pasipoti na mkataba. Kesho asubuhi nendeni kituoni.